Jeshi ni la Nani? Uhuru na Mtihani wa Januari 1964



Katika juma moja la Januari 1964, nchi tatu jirani ziliasiwa na majeshi yao wenyewe. Tanganyika ilitangulia usiku wa kuamkia Januari 20. Uganda ikafuata Januari 23 katika kambi ya Jinja, na Kenya Januari 24 katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Serikali zote tatu zilikuwa changa. Ya Tanganyika ilikuwa na miaka miwili na ushei tangu uhuru, ya Uganda mwaka mmoja na miezi mitatu, na ya Kenya ilikuwa haijamaliza hata majuma saba. Zote tatu zililazimika kuwaomba Waingereza, waliokuwa wameshusha bendera yao juzijuzi tu, walete askari kuziokoa. Miaka saba baadaye, Januari 1971, Uganda ilikuwa mikononi mwa jemadari aliyempindua rais wake, ilhali Kenya na Tanzania zilikuwa bado chini ya Jomo Kenyatta na Julius Nyerere. Majeshi haya yalitoka tumbo moja, manung'uniko yao yalifanana, na juma la maasi lilikuwa lilelile. Kwa nini basi njia zikaachana?

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba uhuru uliwapa viongozi wetu ofisi za serikali kabla haujawapa mamlaka ya kweli juu ya vyombo vya serikali, na chombo cha hatari kuliko vyote kilikuwa jeshi. Nchi mpya ilisimama au ikayumba kulingana na jinsi ilivyojibu swali la jeshi ni la nani. Uganda, Kenya na Tanganyika zilitoa majibu matatu tofauti, na kila jibu lilikuwa na gharama yake. Kuna waliolipa mara moja na kuna waliolipa kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyesamehewa deni.

Tuanze na kile kilichorithiwa. King's African Rifles, ambayo watu wa huku waliizoea kwa jina la KAR, iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni vya Afrika Mashariki na Nyasaland. Kazi yake ilikuwa kulinda mamlaka ya mfalme wa Uingereza, kwanza dhidi ya wenyeji waliokataa kutawaliwa, kisha popote mfalme alipohitaji bunduki. Askari wake walipigana katika vita vyote viwili vya dunia, wakapelekwa Malaya, na wakatumwa kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Kenya. Waingereza waliandikisha askari kwa kuchagua makabila waliyoyaamini kuwa ya kivita: Wakamba na Wakalenjin nchini Kenya, Waacholi na watu wa Nile Magharibi nchini Uganda, Wahehe na Wakuria huku Tanganyika. Askari alitenganishwa na raia kwa makusudi. Aliishi kambini, akala posho ya kambini, na akafundishwa kwamba siasa ni ugonjwa wa watu wa mjini. Mwafrika aliweza kufika usajini, lakini uofisa ulikuwa wa Mzungu. Uhuru ulipokuja, vikosi hivi vilibadilishwa majina na alama za kofia. Kikosi cha sita cha KAR kikawa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, na aliyekuwa akitoa amri jana akaendelea kutoa amri.

Jambo hili halikuwa la Waingereza peke yao. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960 ikiwa na jeshi la Force Publique lenye askari wapatao 25,000, na kati ya maofisa wake hapakuwa na Mkongo hata mmoja. Siku tano baadaye, kamanda wake Mbelgiji, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya wasaidizi wake Waafrika mjini Léopoldville, akachukua chaki na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Kwa upande wa jeshi alikuwa anasema kweli tupu, na ndiyo maana maneno yale yaliwasha moto. Usiku haujaisha, kambi ya Thysville ilikuwa imeasi. Katika juma lililofuata maofisa wa Kibelgiji walikimbia, Ubelgiji ikatuma askari bila kuombwa, na Julai 11 Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Serikali ya Patrice Lumumba ilipoteza jeshi kabla haijapata nafasi ya kutawala, na sajini wa zamani aliyekuwa amegeuka mwandishi wa habari, Joseph Mobutu, akapewa ukanali na cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi. Septemba mwaka huohuo alikwisha kuwaweka pembeni wanasiasa, na Novemba 1965 akaichukua nchi yote.

Turudi Dar es Salaam. Kambi ya Colito, nje kidogo ya mji, ilipewa jina la mahali huko Ethiopia ambapo KAR ilipigana mwaka 1941. Usiku ule wa Januari askari waliwatoa vitandani maofisa wao Waingereza, wakawafungia, kisha wakawasafirisha kwa ndege kwenda Nairobi. Vikundi vingine viliingia mjini vikakamata uwanja wa ndege, kituo cha redio na njia za kwenda Ikulu. Rais Nyerere na Makamu wa Rais Rashidi Kawawa wakafichwa. Mtu aliyekwenda kuzungumza na waasi alikuwa Oscar Kambona, waziri aliyehusika na ulinzi. Madai aliyoyakuta hayakuwa ya kuipindua serikali. Askari wa kawaida alikuwa akilipwa shilingi mia na ushei kwa mwezi na alitaka ziongezwe zaidi ya mara mbili. Pia alitaka Waingereza waondoke na Waafrika washike nafasi zao. Januari 7, yaani majuma mawili kabla, Nyerere alikuwa ametangaza kwamba katika ajira za serikali mwananchi yeyote, awe wa rangi gani, atahesabiwa sawa na mwingine. Kwa msimamo wa haki, tangazo hilo halina kasoro. Kwa sajini aliyekuwa akisubiri kwa miaka kiti cha ofisa wake Mwingereza, lilisikika kama mlango unaofungwa.

Angalia basi udogo wa chanzo na ukubwa wa matokeo. Vikosi viwili vya askari, kimoja Dar es Salaam na kingine Tabora, vilitosha kuifanya serikali iliyoshinda uchaguzi kwa kishindo isiwe na mahali pa kukaa. Chama tawala, TANU, kilikuwa na matawi kila wilaya na wanachama wengi mno, lakini kwa siku kadhaa havikusaidia chochote. Maduka yaliporwa mjini, watu wakafa, na ukaja uvumi kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanazungumza na askari. Alfajiri ya Januari 25, makomando wa Kiingereza walipanda helikopta kutoka manowari ya Centaur, wakatua Colito, na maasi yakazimwa asubuhi ileile. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni huyu ndiye aliyekuwa ameagwa kwa ngoma na vifijo Desemba 1961. Nyerere hakuificha aibu ile. Aliuitisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mawaziri wakakutana Dar es Salaam Februari, na ikaamuliwa askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ndiyo iliyoleta kikosi.

Hadi hapo hali za nchi tatu zilikaribiana. Tofauti ilianza baada ya moshi kutoweka. Uganda ilichagua kulinunua jeshi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alipokwenda Jinja alizuiliwa na askari mpaka akakubali kuongeza mishahara. Waingereza waliizingira kambi na utulivu ukarudi, lakini nyongeza haikufutwa, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo kwa haraka. Mmoja wao alikuwa Idi Amin, aliyekabidhiwa kikosi cha kwanza kilekile kilichoasi. Somo ambalo askari walilipata lilikuwa wazi: bunduki ikielekezwa kwa waziri, mshahara hupanda. Waziri Mkuu Milton Obote naye alipata somo lake, kwamba jeshi lililoshibishwa ni silaha nzuri dhidi ya wapinzani. Februari 1966 aliwakamata mawaziri watano wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri na kuisimamisha katiba. Mei 24 mwaka huohuo, askari wa Amin walilishambulia jumba la Mutesa, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, huko Mengo; naye, ambaye pia aliwahi kuwa Rais wa nchi, akakimbilia London. Tangu siku hiyo Obote hakuwa na mwamuzi mwingine zaidi ya Amin, na mwamuzi wa namna hiyo hachelewi kujiamulia. Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lilichukua nchi. Ilikuwa imetimia miaka saba kamili tangu makomando watue Colito.

Kenya ilichagua kuegemea nje. Kenyatta hakujadiliana na askari wa Lanet. Vikosi vya Kiingereza vilivyokuwa bado nchini viliizima kambi, viongozi wa maasi wakafikishwa mahakama ya kijeshi, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Makubaliano ya ulinzi ya 1964 yaliwaachia Waingereza nafasi ya kufanya mazoezi nchini, na mafunzo na silaha vikaendelea kutoka London. Hadi mwaka 1966 jeshi la nchi kavu liliongozwa na Mwingereza, ndipo Joseph Ndolo akalichukua. Naye aliondoka mwaka 1971 baada ya jina lake kutajwa katika kesi ya njama ya mapinduzi. Njia hii iliipa serikali muda, na muda ni mali kubwa kwa nchi changa. Lakini swali la jeshi ni la nani liliahirishwa tu. Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na Agosti 1 askari wa jeshi la anga waliteka kituo cha redio Nairobi na kutangaza kwamba serikali imeanguka. Jeshi la nchi kavu liliwashinda, damu ikamwagika, na jeshi zima la anga likavunjwa na kuundwa upya. Deni la Lanet lilikuwa limefikia tarehe ya kulipwa.

Tanganyika ilichagua kubomoa na kujenga upya. Badala ya kuongeza mishahara na kuyaacha mengine, serikali iliwaachisha wengi wa askari wa zamani, viongozi wa maasi wakafungwa, na kwa miezi kadhaa nchi ikaishi bila jeshi lake, chini ya ulinzi wa Wanigeria. Septemba 1, 1964, Tanganyika ikiwa imekwisha kuungana na Zanzibar, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya, kijana aliyefunzwa Sandhurst. Askari wapya walitafutwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka uliotangulia. Waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama, wakawa na matawi kambini, na elimu ya siasa ikawa sehemu ya mafunzo. Walimu wa kijeshi walitoka Kanada na China, hivyo jeshi halikuwa na baba mmoja wa nje. Na kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski mwaka 1891. Jina halizuii mapinduzi, lakini linaonyesha waliolibadilisha walikuwa wamelielewa tatizo: jeshi lililokuwa likikumbuka ushindi wa mfalme lilitakiwa sasa likumbuke ushindi wa raia dhidi ya wavamizi.

Kuna mapingamizi matatu mazito ambayo haifai kuyakwepa. La kwanza linasema Tanzania ilitulia kwa sababu ya muundo wa jamii yake: makabila zaidi ya mia na hakuna lililo kubwa kiasi cha kuyatisha mengine, Kiswahili kikiwaunganisha wote, na hakuna ufalme wenye nguvu kama ule wa Buganda. Pingamizi hili lina ukweli mwingi. Obote alikuwa na Mengo. Nyerere hakuwa na Mengo yake. Lakini makabila yaleyale na Kiswahili kilekile vilikuwapo Januari 20, 1964, na havikuwazuia askari wa Colito kuwafungia maofisa wao. Tazama pia Somalia, nchi ambayo wananchi wake karibu wote wana lugha moja na dini moja. Oktoba 1969 jeshi lilichukua madaraka baada ya rais kuuawa, na mwaka 1991 dola yenyewe ikasambaratika. Umoja wa lugha hurahisisha ujenzi wa taifa. Hautoshi kulitiisha jeshi, kwa sababu jeshi ni taasisi yenye safu, amri na maslahi yake, na taasisi hutiishwa na taasisi nyingine.

Pingamizi la pili linasema kilichoziyumbisha nchi hizi kilikuwa mkono wa nje. Kongo ndiyo ushahidi mkubwa: Ubelgiji iliibeba Katanga, Marekani ilimtaka Lumumba aondoke, na Januari 17, 1961 aliuawa huko Katanga mbele ya Wabelgiji. Hakuna mtu makini anayeweza kulikanusha hilo. Lakini mkono wa nje huhitaji mpini wa kushika. Huko Kongo mpini ulikuwa jeshi lisilo na maofisa wa taifa, lisilolipwa, lililo tayari kumfuata atakayeleta mishahara. Mobutu alipopata fedha za kuwalipa askari, alipata nchi. Huko Togo hapakuhitajika hata jeshi kubwa. Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio aliuawa na askari waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa, ambao aliwakatalia kuwaingiza katika jeshi lake dogo. Kuwalaumu wageni ni haki, lakini lawama hiyo haituondolei swali la nini waliachiwa cha kushika.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linaelekezwa kwenye mfano ninaousifu. Linasema jeshi la chama si jeshi la wananchi, na kwamba Tanzania ilinunua utulivu kwa uhuru wa raia. Ushahidi upo. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka ilipitishwa mwaka 1962. Baada ya maasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa, na Februari 1964 NUTA ikaundwa kwa sheria kama chama pekee cha wafanyakazi. Mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja. Isitoshe, kinga yenyewe haikuwa kamili. Rais wa Zanzibar, Abeid Karume, aliuawa kwa risasi mjini Zanzibar Aprili 7, 1972, na miongoni mwa wauaji alikuwamo ofisa wa jeshi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ilifichuliwa njama ya mapinduzi Tanzania Bara, na mwaka 1985 baadhi ya washtakiwa, wakiwamo maofisa, wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Sina nia ya kuupunguza uzito wa ushahidi huu. Waliowekwa kizuizini hawakuwa bei ndogo, na hakuna hoja ya utulivu inayoweza kuwafanya wawe bei ndogo. Lakini mambo mawili yaliyofanyika kwa pamoja yanaweza kutenganishwa tunapoyapima. Kuliunganisha jeshi na jamii, kuandikisha askari kutoka pande zote na kumweka ofisa chini ya mamlaka ya kiraia, ni jambo moja. Kuvifunga vyama huru vya wafanyakazi na kuzuia upinzani ni jambo la pili, na halikuhitajika ili la kwanza lifanikiwe. Mwaka 1992 unaliunga mkono hilo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, askari walitakiwa kisheria kuacha uanachama wa chama chochote cha siasa; uhusiano wa Lugalo na chama ukakatwa, na jeshi halikutoka kambini. Kama utii wake ungekuwa kwa chama pekee, mwaka ule ndio ungekuwa wa hatari. Ulipita kimya kwa sababu, katika miaka karibu thelathini, askari alikuwa amezoea kitu kikubwa kuliko chama: kwamba yuko chini ya serikali ya kiraia, iliyopo na itakayokuja.

Kutokana na mifano hii tunaweza kuwa na kipimo cha uimara wa taifa lililotoka ukoloni, kilicho bora kuliko kuhesabu miaka bila mapinduzi. Miaka ya amani inaweza kuwa miaka ya deni linalokua, kama ilivyokuwa Kenya hadi 1982 na Uganda kati ya 1964 na 1966. Kipimo kizuri kinauliza mambo yanayoonekana kwa macho. Askari wanaandikishwa kutoka wapi, na kwa utaratibu gani? Anayepandishwa cheo anapandishwa kwa sifa au kwa ukaribu na mkubwa? Bunge linalijadili fungu la ulinzi au linalipitisha likiwa limefumba macho? Na kiongozi akibanwa na wapinzani, anakwenda mahakamani na kwa wapiga kura, au anampigia simu kamanda? Obote alipiga simu hiyo mwaka 1966 na ikamjibu. Mwaka 1971 jibu likamgeukia.

Kwa hiyo, tunapoeleza kwa nini baadhi ya makoloni ya zamani yalisimama na mengine yakaanguka, tusiishie kwenye mipaka ya kikoloni, makabila, au tabia za viongozi. Hayo yote yana uzito, lakini yalifanya kazi kupitia vyombo vilivyoachwa na mkoloni, na vyombo hivyo vilikuwa na uwezo wa kubadilishwa. Viongozi wa 1964 walikuwa na nafasi ya kuchagua, hata kama ilikuwa finyu, na walichagua kwa namna tofauti. Wajibu wa kizazi hiki ni kukamilisha kile ambacho hata uchaguzi bora wa wakati ule uliacha nusu: kulitoa jeshi katika mikono ya mtu na ya chama, na kuliweka chini ya sheria inayomfunga mkuu wa nchi kama inavyomfunga kuruta. Palipo na sheria hiyo, na bunge lenye ujasiri wa kuisimamia, uhuru wa raia na uimara wa dola haviwi tena vitu vya kuchagua kimoja na kuacha kingine.